Shajara ya Golf GTI: kutafuta pedi za breki za treki na za kurudi nazo Malindi

11 Januari 2025: Mahali pa kuanzia

Gari ni Golf GTI ya kizazi cha tano, ya mwaka 2008, lita mbili na tabo, farasi 200, uzani wake mtupu kama kilo 1,340. Breki za mbele diski za milimita 312 kwa 25, kalipa (mkono wa chuma unaobana pedi kwenye diski) ya pistoni moja, vyote vile vile lilivyotoka navyo kiwandani. Siku za kawaida ndo gari langu la kazini na la sokoni hapa Malindi, halafu mara tatu nne kwa mwaka nalipeleka bara kwenye treki dei, siku ya kuendesha gari lako mwenyewe kwenye uwanja wa mashindano, kilomita kama 600 kwenda na zingine 600 kurudi. Sina trela wala gari la pili. Gari linalopiga raundi ndo hilo hilo linalonirudisha nyumbani, na hilo lishikeni mana uamuzi wote huko mbele umetokana nalo.

Treki dei ya Novemba nilikuwa nimempakia mpwa wangu, kijana wa dada yangu, ana miaka 17 na magari ndo roho yake. Raundi ya tatu nikaona nakanyaga breki kwa nguvu na gari halipungui vile lilivyokuwa likipungua asubuhi, nikafikiri ni mimi nimechelewa kukanyaga. Raundi ya nne vivyo hivyo. Raundi ya tano, mwisho wa ile sehemu ndefu iliyonyooka, nikakanyaga na pedeli likashuka laini mpaka chini kama nimekanyaga sifongo, nikapampu mara tatu, nikashusha gia, kona ikatupita tukaishia kwenye nyasi mita kama 40 ndani. Hakuna aliyeumia. Mpwa wangu hakusema neno, alinishika mkono tu akaushikilia mpaka vumbi likatulia. Ule mkono nausikia mpaka leo, na ndo sababu ya kazi hii yote.

Kwa mtu ambaye hajawahi kupoteza breki, kuna namna mbili na zina dawa tofauti. Pedeli likiwa gumu, mguu unasukuma ukuta na gari halisimami, hapo pedi zimezidiwa na joto. Pedeli likiwa laini likazama, hapo mafuta ya breki yamechemka, mvuke umeingia kwenye mfumo na mvuke unabonyea, nguvu ya mguu wako inaishia huko. Mimi nilipata yote mawili siku moja, raundi ya tatu na ya nne pedi, ya tano mafuta.

Ninachotafuta ni pedi moja ya kazi tatu: treki, mteremko wa barabara kuu, na asubuhi ya baridi hapa mjini tuktuk ikikukatia mbele. Bajeti nimeweka shilingi 40,000.

18 Januari: Kabla ya kununua chochote, kufungua

Nilitaka kukimbilia kununua pedi. Fundi wangu, mzee ambaye amenifungulia magari tangu nina Starlet, akanizuia. "Mwanangu, fungua kwanza uone iliyokufa imekufa na nini." Tukalipandisha jeki gerejini kwake Majengo.

Pedi ya ndani upande wa kulia ilikuwa imebaki milimita 3, ya nje milimita 8. Pedi mbili za kalipa moja. Na ile ya ndani haikuisha sawa, imekatika mshazari kama kabari. Maana yake kalipa haikuwa ikiteleza, pistoni inasukuma pedi ya ndani peke yake na ya nje inasindikiza tu.

Alipozitoa pini za kalipa, zile ambazo kalipa huteleza juu yake (za Golf hii zinataka alenki namba 7, nunueni moja nzuri, ya bei rahisi inalika na kuharibu kichwa cha pini) tukaona tatizo. Zile bushi za raba ambazo pini inapita ndani yake zilikuwa zimevimba, laini, zinanata kwenye vidole, kama maharage yaliyolala kwenye maji. Mwaka jana kuna gereji ilinifanyia sevisi ikapaka pini grisi ya kawaida. Kwa nia njema naamini, mana magari mengi mengine pini hupakwa grisi, lakini huwa ni ya silikoni. Pini za kalipa hii zinatakiwa ziingie kavu na safi kabisa, na grisi ya petroli kwenye raba ya breki ni sumu, raba inainywa inavimba. Mzee alikuwa ameibonyeza ile bushi kati ya vidole viwili huku akinionyesha mafuta yakitoka ndani ya raba yenyewe.

Mafuta ya breki nayo yalikuwa rangi ya kahawa tungu. Hayajabadilishwa miaka mitatu, na sisi tunaishi kando ya bahari. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, ndo tabia yake, na kila maji yakizidi kiwango cha kuchemka kinashuka. Daraja zake huitwa DOT: DOT 4 mpya kwa kiwango cha chini kinachokubalika huchemka nyuzi 230, ikishanyonya maji inashuka mpaka 155. DOT 5.1 mpya ni 260, ikishanyonya 180. Nimechukua DOT 5.1, inachanganyika na DOT 4 bila shida. Msichanganye na DOT 5 ile isiyo na nukta moja, hiyo ni silikoni na ni kitu kingine kabisa hata kama jina limekaribiana.

Bushi, pini na vifuniko vya raba 4,200. Chupa mbili za mafuta 2,600. Kutoa hewa tulianza gurudumu la mbali na masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli, tukaja karibu, lita nzima imepita, mpaka yakatoka meupe.

1 Februari: Pedi za kwanza, na kipimo kilichonidanganya

Novemba nilikuwa nimeazima bunduki ya kupimia joto kwa mwanga, nikapima diski nilipoingia pitini, mahali pa kuegesha kando ya treki, nikapata nyuzi 210. Nikaliandika kwenye daftari nikaliamini. Kwa hesabu hiyo pedi yoyote nzuri ya barabarani ingetosha, nikanunua za duka, boksi limeandikwa seramiki, 6,500.

Hapa nilikuwa na makosa mawili na yote ningeweza kuyaona.

La kwanza ni hiyo bunduki. Diski iliyosuguliwa na pedi inang'aa, na chuma kinachong'aa hutoa mwanga wa joto kidogo sana kuliko chuma kichafu, kwa hiyo bunduki inasoma chini. Juu ya hapo nilipima baada ya raundi nzima ya kupoza na dakika ya kutafuta mahali pa kuegesha. Joto la kilele lilishaondoka zamani.

La pili ni pembeni ya pedi. Pedi nyingi zina herufi mbili zimepigwa kwenye ukingo, mfano FF au GG, ya kwanza ni mshiko wa joto la kawaida na ya pili mshiko zikiwa na moto. Kwa namba za msuguano E ni kati ya 0.25 na 0.35, F 0.35 mpaka 0.45, G 0.45 mpaka 0.55. Herufi ya pili ikiwa chini ya ya kwanza, pedi inalegea ikipata moto. Zangu boksi liliandika FF, pedi zenyewe hazikuwa na herufi yoyote. Niliona nikazifunga hivo hivo mana nilishalipa.

Herufi hizo hata zikiwepo zinakwambia habari za barabarani tu, kipimo chake kinaishia chini sana ya joto la treki. Lakini mtengenezaji asiyeweza hata kupiga herufi, mimi sasa simrudishi tena kwenye gari langu.

15 Februari: Treki, rangi za joto

Kabla ya safari rafiki alinishauri rangi za joto, vichupa vitatu, ukipaka ukingo wa nje wa diski rangi inabadilika ikifika nyuzi fulani na hairudi tena. Kijani inageuka nyeupe kwenye 430, ya machungwa inageuka njano kwenye 560, nyekundu inageuka nyeupe kwenye 610. Pamoja na usafiri 5,800. Nilisita kwa bei. Leo nasema hiki ndo kitu cha kwanza kununua kabla ya pedi, mana rangi haijali umechelewa kupima wala diski inang'aa.

Nilipitia Mavueni, Kaloleni, Mariakani kama kawaida kukwepa Mombasa, nikalala Mtito Andei, asubuhi nikamalizia. Mpwa nilimwacha nyumbani.

Raundi mbili nzuri. Pedeli fupi, gumu, kalipa inateleza sawa pande zote, nilifurahi sana. Raundi ya tatu harufu, ya nne gari halisimami tena lakini pedeli bado gumu. Kwa hiyo mafuta na pini vimepona, tatizo lililobaki ni pedi peke yake, na hiyo kwangu ilikuwa hatua kubwa hata kama siku imeharibika. Nikapoza, nikaingia pitini, na kwa akili ya kuchoka nikasimama na mguu bado uko kwenye breki nikiongea na jamaa dirishani. Dakika mbili nzima, diski ina moto vile.

Njia yote ya kurudi usukani ukatetemeka kila nikigusa breki.

22 Februari: Kufungua tena, na hesabu ambayo ningeifanya mwanzo

Rangi ya kijani imekuwa nyeupe yote pande zote mbili. Ya machungwa haijaguswa. Basi diski zinafika kati ya 430 na 560. Bunduki iliniambia 210.

Pedi zimeng'ara kama kioo, kucha inateleza juu yake, na upande mmoja kipande cha ukubwa wa kidole gumba kimebanduka kutoka kwenye bamba la chuma la mgongoni mwa pedi.

Kuhusu mtetemo, mafundi wengi watakwambia diski imepinda. Mzee akapima na geji, diski haijapinda. Ila ukiiweka juani unaiona, doa lenye umbo la pedi kabisa, hata ule mkato wa katikati ya pedi umejichora. Pedi ya moto ikibanwa mahali pamoja kwenye diski ya moto inaacha nyama yake pale, na kila pale panapopita kuna mshiko tofauti, ndo mtetemo. Diski zenyewe zilikuwa na milimita 22.4 na kikomo cha hizi ni 22, hapakuwa na nafasi ya kuchonga. Mpya mbili 19,000. Hiyo ni bei ya dakika mbili za mguu kwenye breki.

Diski moja ya zamani nilienda nayo kwa jamaa anayeuza samaki nikaipima kwenye mizani yake, kilo 8 na nusu. Nilitaka kufanya hesabu na namba zangu mwenyewe. Gari na mimi na petroli ni kama kilo 1,400. Kutoka kilomita 130 kwa saa kushuka mpaka 50, breki zinakula nishati ya kama kilojuli 780. Magurudumu ya mbele yanabeba karibu robo tatu, kila diski ya mbele inapata kama 290. Chuma cha diski cha kilo 8 na nusu kikipewa nishati hiyo kinapanda nyuzi kama 75. Mkanyago mmoja. Treki ile ina sehemu tatu za kukanyaga hivo kila raundi, upepo unachukua sehemu ya joto njiani lakini hauwahi kulichukua lote, raundi tatu nne mbele uko mahali rangi zilipoonyesha. Ningeifanya hesabu hii Desemba kwenye karatasi ya sambusa ningejua kwamba 210 ni uongo.

12 Aprili: Pedi za resi

Machi ilikuwa mfungo, gari lilifanya kazi za futari na tarawehe tu, pedi za zamani za kiwandani zikarudishwa kwa muda. Baada ya Idi jamaa mmoja anayeshindana akaniuzia seti ya pedi za resi kabisa, hazijatumika sana, 15,000. Za joto la 200 mpaka zaidi ya 700. Mimi nilishaogopa, nikaona dawa ya kuzidiwa na joto ni kununua joto kubwa kuliko yote.

Nimezifunga mbele tu. Nyuma nimeacha za kiwandani.

Siku ya tatu, saa moja asubuhi, karibu na soko, kilomita mbili tu kutoka nyumbani kwa hiyo breki bado ni baridi kabisa. Tuktuk ikasimama ghafla kumchukua mama na ndoo zake za samaki. Nikakanyaga kama ninavyokanyaga siku zote na gari likaendelea kama halijasikia, nikakanyaga kwa nguvu zote, nyuma ABS, ile inayozuia magurudumu yasikwame, ikaanza kugongagonga mana pedi za nyuma zilishashika na za mbele bado zimelala, likasimama kiganja kimoja kutoka kwenye ile ndoo. Yule mama alinitazama akasema "Pole mwanangu", ati ananipa pole mimi. Nilishuka nikamwomba msamaha na mikono inatetemeka.

Pedi ya resi ikiwa baridi sio pedi kali iliyopungua kidogo, ni kitu kingine. Haijafika mahali pake pa kazi. Ukiiweka mbele peke yake unahamishia breki nyuma bila kujua, na gari linalosimama kwa magurudumu ya nyuma mvua ikiwepo linazunguka.

26 Aprili: Treki na pedi za resi

Treki yenyewe zilikuwa nzuri sana, siwezi kusema uongo. Raundi ya kwanza lazima uzipashe, baada ya hapo raundi nane mfululizo pedeli halijabadilika hata kidogo. Lami ilikuwa na unyevu asubuhi, adhuhuri ikakauka.

Ila ule mteremko wa upande wa Kaloleni usiku wa kurudi nilikuwa nakanyaga breki kidogo kila dakika ili zisipoe, yaani naendesha gari kwa kulinda pedi. Na vumbi lake ni chembe za chuma za moto zinazojichoma kwenye rangi ya rimu. Kusi limeanza, hewa ya chumvi, gari limelala nje siku mbili tu na rimu nyeupe zikawa na madoa ya kutu ya machungwa kila mahali. Kuyatoa ni siku nzima na brashi.

Nimeziuza 9,000 kwa mtu ambaye ana gari la treki tupu na trela. Kwake ziko sawa kabisa.

24 Mei: Ferodo DS2500

Nilikuwa nimeandika majina manne kwenye daftari: EBC Yellowstuff, Hawk HP Plus, Ferodo DS2500, Pagid RS29. RS29 niliifuta mana ni ya resi na mimi nataka ya mjini pia. Zilizobaki zote watu wanazitumia hivi ninavyotaka. Kilichonivuta DS2500 ni kwamba mshiko wake ni wa wastani, kama 0.42, na unakaa karibu hapo hapo kutoka baridi mpaka nyuzi 500 hivi. Mimi baada ya yule mama wa ndoo sitafuti mshiko mkubwa, natafuta mshiko ule ule leo asubuhi na raundi ya sita.

Ferodo ni watu wa zamani. Herbert Frood alianza Uingereza mwaka 1897 akitengeneza breki za magari ya kukokotwa na farasi, na jina la kampuni ni herufi za jina lake zimepangwa upya na E moja ikaongezwa. Mpwa wangu alikaa nalo dakika kumi kwenye karatasi akiligeuza.

Kutoka Uingereza mpaka mkononi Malindi, usafiri na ushuru ndani, 24,500.

Pedi nilizoletewa hazina ule waya wa kuonya kwamba pedi inaisha, kwa hiyo taa kwenye dashibodi inawaka muda wote. Tumekata plagi ya pedi ya zamani tukaunganisha nyaya zake mbili, taa imezima. Ukifanya hivo umelizima onyo lenyewe, kupima kwa macho kila mwezi sasa ni lazima na sio hiari.

Kuzizoesha na diski mpya: nilitoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, ile barabara iliyonyooka kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, hakuna mtu nyuma wala mbele. Mara kumi kutoka 60 mpaka 15 kwa mkanyago wa wastani, halafu mara sita kutoka 100 mpaka 30 kwa nguvu zaidi, bila kusimama kabisa hata mara moja, halafu kilomita 15 bila kugusa breki zipoe. Mkanyago wa nne wa hizi sita harufu ilikuja na mshiko ukapungua, nusura nisimame. Hiyo ni gesi ya gundi ya pedi mpya inatoka, inapita. Wa sita ulishika kuliko wote.

Halafu nikaharibu. Wakati wa kupoza nikageuza mapema nikaingia Gede, matatu ikasimama mbele yangu na mimi nikasimama nyuma yake mguu umekaza kwenye breki. Kosa lile lile la Februari. Nilipotoka pale nikausikia mtetemo mdogo kwenye usukani, nikataka kulia.

Safari hii nilijua dawa. Diski zikatolewa, doa likasuguliwa kwa msasa namba 120 kwa mzunguko mpaka rangi ikawa moja, pedi juu kidogo nazo, boliti za rimu zikafungwa nyutonmita 120 kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, sio kwa mguu, nikarudia zoezi lote Jumapili na safari hii nikageuza Matsangoni. Mtetemo umekwisha. Ukilazimika kusimama na breki ya moto acha gari lisogee sentimita chache kila baada ya sekunde kadhaa, au weka gia ukae bila breki kama ni tambarare. Na hendibreki usiiguse pitini, weka gogo au jiwe nyuma ya tairi.

14 Juni: Treki

Rangi mpya zimepakwa. Nimepanga raundi tano kisha moja ya kupoza kisha kutoka, sio nane kama za pedi za resi.

Raundi ya kwanza zimeshika tangu kona ya kwanza. Nimesubiri ile harufu raundi ya tatu haikuja. Raundi ya tano ile sehemu iliyonyooka nilikanyaga mahali pale pale nilipokanyaga Novemba, pana kibao cheupe, na pedeli lilikuwa juu na gari likashuka likaingia kona na nafasi ikabaki. Nilipiga kelele peke yangu ndani ya helmeti.

Mafungu manne siku nzima. Fungu la tatu nilijaribu raundi saba ili nijue mpaka uko wapi, ya saba pedeli lilirefuka kidogo, nikaacha. Kijani nyeupe yote, machungwa haijaguswa isipokuwa kwenye diski ya kulia ambayo ukingo umeanza kugeuka njano kwa urefu wa vidole viwili. Treki ile ina kona nyingi za kushoto, uzito unalala kulia, kwa hiyo nilitarajia. Raundi tano ndo kipimo cha gari hili na pedi hizi, saba ni kuomba matatizo.

Fungu la mwisho mpwa wangu alikaa pembeni yangu. Dada nilimwomba ruhusa kwanza, nikamweleza kila kitu kilichobadilishwa, akaniuliza maswali kuliko fundi.

Pedi zilikuwa milimita 11.8 asubuhi. Jioni kulia ndani 10.5, nje 10.6. Tofauti ya moja ya kumi. Januari tofauti ilikuwa milimita 5.

9 Agosti: Ndani ya kusi, na gharama

Miezi miwili ya mjini, Watamu na kurudi, mara moja Mombasa. Asubuhi zinashika. Zikiwa baridi zinalia kidogo mwisho wa kusimama, nilipunguza kona za pedi kwa faili na kuweka vile vibati vya mgongoni mwa pedi vilivyokuwa vimebaki gerejini, kelele imepungua sana, kosa lilikuwa langu kwa kutoviweka mwanzo.

Gari likilala siku tatu nne bila kutoka hapa kwetu diski zinapata ngozi ya kutu na pedi zinanata. Usilivute kwa nguvu. Lisogeze taratibu mbele na nyuma mpaka usikie tak, halafu kanyaga kidogo kidogo kilomita ya kwanza kutu iondoke. Ukiosha gari, liendeshe kabla ya kuliegesha.

Nilizotoa: bushi na pini 4,200, mafuta ya breki 2,600, pedi za seramiki 6,500, rangi 5,800, diski 19,000, hasara ya pedi za resi 6,000, DS2500 24,500, fundi jumla 5,000. Ni 73,600. Ningeanza na rangi na kufungua kalipa, nikaenda moja kwa moja kwenye pedi hizi na fundi wa mara mbili tu, ingekuwa 39,100 na diski za zamani zingekuwa bado ziko kwenye gari. Petroli na ada za treki sijaweka, hizo ningezitoa hata hivyo.

Leo kulia ndani milimita 9.9, nje 10.0. Pini nimezitoa nikazipangusa kavu, bushi bado ngumu na hazinati. Mafuta ya breki nabadilisha tena Januari hata kama bado ni meupe. Za nyuma zimebaki milimita 4, kwa hiyo wiki ijayo mzee anafungua nyuma, na mpwa wangu ameomba aje ashike alenki.